Doa Halitoki

Kila mahali pa kazi pana msemo wake. Pale kwenye kiwanda cha uchapaji msemo ulikuwa "doa halitoki." Ukichelewa ukaleta hadithi ya gari kuharibika njiani, wenzako wanakujibu, "Doa halitoki." Ukiazima bisibisi ukairudisha imepinda, ukasema uliikuta hivyo hivyo, "Doa halitoki, bwana we!" Watu wanacheka, kazi inaendelea. Vijana waliokuwa wakiusema hawakujua hata ulikotoka. Msimamizi alijua, maana ulizaliwa mbele yake, na kwa miaka kumi na tisa aliusikia kila wiki bila moyo wake kushtuka.

Msimamizi huyu alijihesabu mtu wa haki. Mkali, ndiyo, lakini hana upendeleo. Na sifa yake kubwa, aliyojivunia mpaka kwenye misiba ya watu, ilikuwa pua. Fundi akiharibu kazi asubuhi, Msimamizi humsogelea pua kwa pua, akavuta pumzi moja tu, akatoa hukumu. Umekunywa, huna kazi. Haangalii cheo wala undugu. Na ukimbishia kuhusu undugu alikuwa na ushahidi wake: alishamfukuza shemeji yake mwenyewe, kaka wa mkewe, mbele ya kiwanda kizima.

Sasa mchanganyaji wa wino alikuwa mwanawe. Kijana wa miaka ishirini na minne, tangu utotoni wakimwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Lakini kazi aliijua, jamani! Mteja akileta kipande cha kitambaa, akasema nataka rangi hii hii kwenye boksi langu, Kasuku anapakua wino kutoka makopo matatu, anauweka kwenye kipande cha kioo, anaukoroga kwa kisu huku anapiga porojo, na kabla chai haijapoa rangi ni ile ile. Wazee wa kiwanda walisema kipaji hicho amekirithi kwa mjomba wake, maana mjomba naye alikuwa mchanganyaji, na hajatokea wa kumfikia. Msimamizi akisikia hivyo alikunja uso na kuuliza kama hakuna kazi ya kufanya.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, walikuwa wanachapa maboksi ya dawa ya kikohozi yenye mstari mwekundu. Mashine ilishatema karatasi mia nane ndipo mtu wa mashine akapiga kelele, "Hebu simamisheni! Hii nyekundu gani? Mbona kama matope?"

Msimamizi akaenda chumba cha wino. Alimkuta Kasuku amesimama dirishani, kadi ya mfano ameisogeza karibu na pua. Kadi hiyo ndiyo sheria ya kazi. Rangi iliyopakwa juu yake ndiyo rangi aliyoikubali mteja. Mkono wa pili alikuwa na kitambaa kilicholowa spiriti ya kusafishia wino. Anafuta kadi, anaiangalia, anafuta tena. Wekundu wa kadi ulishaanza kubanduka.

"Una nini leo?" Msimamizi aliuliza.

Msimamizi akamsogelea, akavuta pumzi, na harufu ya spiriti ikampiga usoni, imetapakaa mpaka mashavuni mwa mwanawe.

"Umekunywa?"

"Mimi, baba? Mimi huyu?" Kasuku alishangaa kweli. "Kadi hii ina doa. Hapa katikati. Wiki nzima nalifuta, doa halitoki."

Mtu wa mashine, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaangua kicheko. "Ama kweli Kasuku ni Kasuku! Umeharibu mzigo mzima, bado una moyo wa utani!"

Kasuku hakucheka. Msimamizi aliichukua kadi, akaipeleka kwenye mwanga, akaigeuza huku na huku. Haikuwa na doa lolote.

Miaka kumi na tisa nyuma, mtu mwingine alisimama dirishani pale pale, kadi karibu na pua na kitambaa cha spiriti mkononi, akasema, "Shemeji, kadi ina doa, nafuta halitoki." Ilikuwa mara ya tatu mwezi huo rangi kutoka siyo yenyewe. Msimamizi akamnusa, akawageukia mafundi, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka getini, "Mmemsikia? Doa halitoki! Doa liko kwenye chupa!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Shemeji aliapa hajaonja. Akaapa kwa marehemu mama yake. Walimtoa nje na aproni yake mwilini, na baada ya miezi michache habari zikaja kwamba macho yamekwisha kabisa. Watu wakasema, unaona sasa? Hizo ndizo pombe zao za kichochoroni, zinaanza na kazi, zinamalizia na macho. Na Msimamizi aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyethibitishiwa.

"Baba, doa umeliona?" Kasuku aliuliza.

"Vua aproni," Msimamizi alisema. "Twende hospitali."

Vipimo vilichukua wiki tatu, na katika wiki hizo tatu jicho la pili nalo likaanza. Daktari wa macho, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, aliwakalisha wote watatu, kijana katikati ya baba na mama, akaanza kueleza bila kuzunguka.

"Jicho lenyewe halina jeraha. Shida iko nyuma yake, kwenye neva inayopeleka picha kwenye ubongo. Ndani ya kila chembe ya mwili wako mna vinu vidogo mno, vinageuza chakula na hewa kuwa nguvu. Tunaviita mitokondria. Vyako vina hitilafu. Sehemu nyingi za mwili zinavumilia. Mguu ukichoka, unakaa, unapumzika. Lakini nyuzi za neva ya jicho, hasa zinazobeba picha ya katikati, ni nyembamba sana na zinakula nguvu nyingi tangu unapoamka. Nguvu ikipungua, hizo ndizo za kwanza kuzimika. Ndiyo maana ukitazama kitu unaona doa katikati, na nyekundu na kijani zinakuchanganya. Na hakuna maumivu, kwa hiyo mtu anadhani kilichochafuka ni kitu anachokitazama."

"Nitakuwa kipofu?" Kasuku aliuliza.

"Giza totoro, hapana. Pembeni utaendelea kuona. Ila kusoma, nyuso za watu, kazi ya rangi..." Daktari aliweka kalamu chini. "Hizo zitakuwa ngumu. Kuna dawa tutaijaribu. Wengine inawasaidia kidogo, wengine haiwasaidii, sitakudanganya. Sigara na pombe usiguse."

"Sijawahi kugusa."

"Vizuri. Hitilafu hii umezaliwa nayo. Vinu hivi mtoto huvirithi kwa mama yake peke yake."

Mama yake Kasuku alikuwa ameshika mkoba mapajani. "Kwa hiyo nimempa mimi," alisema.

"Hukumpa kwa kutaka, mama. Nawe ulipewa. Wanawake wengi hubeba hitilafu hii bila kuugua maisha yao yote. Wanaougua zaidi ni wanaume, na mara nyingi wakiwa vijana. Hebu niambie, upande wako kuna mwanamume aliyepoteza kuona mapema?"

"Kaka yangu. Lakini yeye ilikuwa pombe."

"Nani alisema ni pombe?"

Mama aligeuza kichwa polepole akamtazama mumewe, na Msimamizi, mtu aliyezoea kuwatazama watu mpaka wakainamisha macho, akainamisha ya kwake.

Nyumbani kukawa kimya, na kwa nyumba yenye Kasuku, kimya kilikuwa kitu cha kutisha. Kijana alikaa kitandani amegeukia ukuta. Sahani ya chakula iliingia na kutoka ilivyo. Rafiki zake walikuja, wakamwambia jipe moyo, akawaambia asante, wakaondoka wamefarijika wao. Siku ya nne aliongea.

"Nataka kumwona mjomba," alisema. "Nyinyi wote mnanihurumia tu. Yeye ameishije? Miaka yote hiyo ameamkaje asubuhi? Nataka aniambie yeye."

Mama alimfuata mumewe ukumbini. "Baba Kasuku, nenda kamlete kaka yangu."

"Si twende wote? Wewe ni dada yake."

"Mimi?" Alicheka kicheko kikavu. "Nilikwenda kumwona mara moja tu, mwaka ule ule. Akaniuliza, dada, na wewe unaamini? Nikanyamaza. Nilikuwa na mume wa kumheshimu na mtoto wa miaka mitano, nikanyamaza. Akafunga mlango. Sina uso wa kwenda kule, na wewe huna. Lakini wewe ndiye uliyesema, kwa hiyo mwenda ni wewe. Mwanangu anakufa ndani mle, na hali chakula."

Msimamizi akapiga moyo konde, akaenda.

Shemeji alikuwa fundi baiskeli mji wa pili. Kibanda chake kilijaa magurudumu yaliyotundikwa, na yeye alikaa kwenye kigoda, gurudumu mapajani, analizungusha na kugusa spoku moja moja kwa ukucha. Iliyolegea ilitoa sauti ya chini; akaikaza kidogo, akaigusa tena, akaendelea. Alikuwa ameota mvi masikioni. Kuku mmoja alikuwa anaparura karibu na miguu yake.

Msimamizi alisimama mlangoni, akajiandaa kusema.

"Karibu, shemeji," fundi alisema bila kuinua kichwa.

"Umenijuaje?"

"Umevuta pumzi kabla hujasalimia. Bado unanusa watu?"

Loo! Mzee wa watu alikosa pa kuuweka uso. Alikaa kwenye boksi la vipuri, akaeleza yote: mstari mwekundu, daktari, vinu, neva, kijana na ukuta. Shemeji alimsikiliza ameelekeza uso pembeni, karibu kwenye ukuta. Msimamizi akaelewa kwamba ndivyo anavyomtazama mtu, kwa ukingo wa jicho. Zamani watu walisema jamaa ana maringo, anakupita njiani hasalimii.

"Ana miaka mingapi sasa?" shemeji aliuliza.

"Ishirini na minne."

"Mimi nilikuwa na ishirini na sita. Na alisema kadi ina doa?"

"Alisema."

"Ukamnusa?"

"Nilimnusa."

"Mkuki kwa nguruwe, shemeji," alisema yule, akazungusha gurudumu lake. Hakuumalizia msemo, haukuhitaji kumaliziwa. Kisha akauliza, "Kule kiwandani bado wanasema, doa halitoki?"

"Wanasema."

Gurudumu lilizunguka mpaka likasimama lenyewe.

"Nimekuja kukuomba radhi," Msimamizi alisema. "Nilikukosea. Nimekukosea vibaya mno, nawe hukuwa na kosa."

"Na hapa unaniomba radhi mbele ya nani?" Shemeji alinyoosha mkono kuelekea magurudumu, kisha akamwonyesha kuku. "Hukunifukuza mbele ya kuku. Mpwa wangu nitamwona, yeye hana deni na mtu. Lakini siwezi kupita mlango wa nyumba yako wakati kule wanaendelea kunicheka. Nikipita, nimekubali. Keshokutwa saa mbili asubuhi nitakuwa getini kwako. Ukiweza, unite ndani. Usipoweza, nitarudi zangu, na kijana mtaniletea huku."

Siku mbili hizo Msimamizi aliziona ndefu. Alibakisha miezi minne astaafu. Wenye kiwanda walishamwandalia sherehe, na hotuba yake alishaiandika, ina maneno kama uadilifu na nidhamu. Lakini si sherehe iliyomnyima raha, niseme ukweli. Alianza kuwakumbuka wengine. Yule mkata karatasi aliyekuwa akitetemeka mikono. Yule dada wa kufunga majalada aliyekuwa akipepesuka. Wote alikuwa amewanusa, na wote walikuwa mafundi wa kiwanda ambacho kila mtu ananukia spiriti. Alikuwa na hakika wangapi kati yao walikunywa? Msimamizi akiungama kosa moja, nani atasimama kumwamini kwa hayo mengine? Na asipoungama, mwanawe atakaa anatazama ukuta mpaka lini?

Keshokutwa, saa mbili, alimwona shemeji getini, shati jeupe limepigwa pasi. Mita chache nyuma yake alisimama Kasuku, ameshikwa mkono na mama yake. Hakuna aliyewaita, kijana mwenyewe alikataa kubaki nyumbani. Kaka na dada walikuwa hawajasemeshana bado.

"Karibu ndani, shemeji," Msimamizi alisema. Kisha akaagiza mashine zote zizimwe.

Mafundi walikusanyika wakidhani kuna msiba. Msimamizi alivua kofia.

"Mnajua msemo wetu wa doa halitoki," alisema. "Aliyeusema kwanza ni huyu hapa, shemeji yangu. Alikuwa mchanganyaji wino wa kiwanda hiki, na hatujapata mwingine kama yeye. Alisema kweli. Alikuwa anaona doa kwa sababu neva za macho yake zilikuwa zinakufa, na hakujua. Alinukia spiriti kwa sababu alikuwa anafuta kadi. Mimi nikaiita pombe. Nikamcheka, nikawafundisha na nyinyi kumcheka. Hakuwa mlevi. Hajawahi kuwa mlevi. Nilimwita mwongo mbele ya watu, na leo mbele ya watu nasema mwongo ni mimi."

"Rudia," shemeji alisema. "Mtu wa mashine ya mwisho hajasikia."

Alikuwa amesikia, kila mtu alikuwa amesikia. Msimamizi akarudia yote tangu mwanzo kwa sauti kubwa. Safari hii sauti ilimkatika katikati, akaimalizia hivyo hivyo, machozi yakimchuruzika, hakuyafuta.

Watu walingoja shemeji aseme amesamehe, au atukane, alikuwa na haki ya yote mawili. Alipapasa nyuma yake, akapata robota la karatasi, akaketi.

"Shemeji, nikwambie kitu," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Mimi mwenyewe nilishakubali."

"Ulikubali nini?"

"Kwamba nilikunywa. Miaka mitatu nilikataa. Lakini watu wote wanasema, dada yangu ananyamaza, na macho yanazidi kwenda, na kila daktari ninayemwona ananiuliza kwanza, unakunywa? Nikaanza kujiuliza: labda kweli nilikunywa, nikasahau. Maana mlevi si husahau? Nikaona afadhali nikubali kuliko kuwa kichaa. Nikasimama mbele ya waumini wenzangu nikatubu dhambi ya pombe. Wakanipigia makofi. Mpaka leo huwa wananiita nizungumze na vijana, niwaeleze nilivyoacha." Alitikisa kichwa. "Nimeacha pombe, shemeji. Pombe ambayo sijui hata ladha yake. Na ushuhuda nautoa vizuri, watu wanalia."

Mama yake Kasuku aliachia mkono wa mwanawe, akaenda kuketi chini sakafuni, karibu na miguu ya kaka yake, akaiinamia. Akasema nisamehe, nisamehe, akashindwa kuendelea.

"Inuka, dada, sakafu ina wino," shemeji alisema, lakini mkono wake ulikuwa umeshatua begani kwake, na haukuondoka.

Kasuku alikuja mwenyewe. Alifuata sauti, akajigonga muundi kwenye ubao, akapita. Alipiga magoti mbele ya mjomba wake, karibu kiasi kwamba asingeweza kuuona uso wake hata kidogo.

"Mjomba."

"Mjomba," yule alimwitikia, kama wanavyoitikiana mtu na mpwa wake.

"Hukunywa," Kasuku alisema.

Mjomba aligeuza uso pembeni ili amtazame.

"Mimi naona unachokiona, na mimi sijanywa. Basi na wewe hukunywa. Sema."

Mtu mzima yule alifungua mdomo, akaufunga. Mafundi wengine walitazama pembeni kwa heshima.

"Sikunywa," alisema.

Ilikuwa miaka kumi na sita tangu alipolisema neno hilo mara ya mwisho.